Jicho Zima Ndilo Lizibwalo

Vijana wa kliniki ya macho mmenitaka niandike niliyoyaona kazini, kwa kuwa siku ya kuniaga nilikataa kuhutubia. Nilikataa kwa sababu miguu ilikuwa imevimba na biriani ilikuwa inapoa. Sasa nimekaa nyumbani kwangu Mabawa, hapa Tanga, upepo unaingia, sina kichwa cha mtoto cha kushika wala mama wa kumwambia "ngoja kidogo, mama," na bado nimechoka. Nilidhani uchovu ungebaki kule kwenye mabenchi ya kliniki. Kumbe nimehama nao, pamoja na viatu vyangu vyeupe.

Vyeo sitavitaja, vilikuja vikapita. Mshahara mnaujua wenyewe. Nitaandika juu ya makengeza ya watoto, maana ndiyo kazi iliyonichosha kuliko zote na ndiyo mnayoikimbia. Siwalaumu. Mzee mwenye mtoto wa jicho anapasuliwa leo, kesho anafunguliwa bandeji anamwona mkewe, watu wanapiga vigelegele, na nyinyi mnapiga picha. Makengeza hayana vigelegele. Unahangaika na mtoto mmoja miezi na miezi, kila akija analia akikuona, na siku jicho likipona mama anasema, "Nilijua yatanyooka yenyewe."

Niliyemkuta kazini siku ya kwanza alikuwa Mzee Yohana, msaidizi wa daktari wa macho, Msambaa wa milimani, Mlutheri wa kweli kweli, mrefu, anayevaa sweta hata kwenye joto la kaskazi huku sisi tunajipepea kwa mafaili. Alinipa tochi ndogo na kipande cha kadibodi kilichokatwa kwenye boksi la glavu. Nikasimama navyo mkononi nikingoja. Nilikuwa nimetoka chuoni na kichwa kimejaa majina ya mashine.

"Vyombo viko wapi, mzee?" nikamuuliza.

"Umevishika," akasema, akaita mgonjwa.

Basi hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu. Alinifundisha kummulika mtoto kwa mbali kidogo na kutazama ile nukta ya mwanga inavyokaa juu ya mboni. Kama macho yako sawa, nukta mbili hukaa mahali pamoja, kulia na kushoto. Kama jicho moja limekwenda upande, nukta yake nayo hukaa ukingoni. Kisha kadibodi. "Ziba hili, tazama lile," alikuwa akisema. "Likitulia, ujue lilikuwa linakutazama. Likiruka kuja kukutazama, ujue lilikuwa limekwenda zake." Halafu unahamisha kadibodi upande wa pili. Kazi ya kitambo kidogo tu, lakini mtoto asiyetulia huigeuza ikawa kazi ya asubuhi nzima. Mtoto hawezi kuambiwa "tazama hapa" akatii. Ni lazima apewe cha kutazama. Mzee Yohana alikuwa na jogoo wa plastiki anayelia ukimbinya, na mimi baada yake nimevunja majogoo mengi sana.

Jambo la pili alilonifunza lilikuwa gumu zaidi, na ndilo watu wetu hawalipendi. Macho mawili yakitazama pande mbili, ubongo huletewa picha mbili zisizolingana. Mtoto havumilii hilo. Ubongo huchagua picha moja, ile nyingine huifukuza. Ikifukuzwa siku nyingi, jicho lililokuwa likiileta hulala. Ukilitazama halina kidonda, halina utando, ni zuri kama la mwenzake, ila halioni sawasawa. Kulinyoosha kwa upasuaji kunawezekana, lakini upasuaji hunyoosha, hauamshi. Kuamsha ni miwani, na kuliziba lile jicho zima kila siku kwa saa fulani, ili lile lililolala lilazimike kufanya kazi. Na ni kazi ya utotoni. Ile methali ya kumkunja samaki angali mbichi sitaiandika, maana tumeibandika ukutani mpaka samaki mwenyewe kachoka. Lakini ni kweli. Jicho la mtoto mdogo hulala na huamka. Mtu mzima jicho lake likishalala, limelala.

Mengine mtajifunza kwa kukosa usingizi. Mtajua, kwa mfano, kwamba si kila makengeza ni makengeza. Mama mmoja wa hapa hapa Mabawa alinijia na mtoto mchanga mikononi na mkwewe nyuma, wote wamenuna. Mume alikuwa ameanza maneno ya chini chini, kwamba kwao hakuna mwenye macho ya namna ile, basi yametoka wapi? Nikamulika. Nukta mbili, mahali pamoja, safi. Nikambana mtoto ngozi ya katikati ya macho kwa vidole viwili, makengeza yakatoweka mbele yao. Pua ya mtoto mchanga bado ni pana, ngozi yake hufunika weupe wa jicho upande wa ndani, ukimtazama unaona kama macho yanakutana.

"Kwetu hakuna makengeza," mkwe akarudia, hakutaka kushindwa.

"Na hapa hayapo, mama," nikamwambia. "Hapa ipo pua."

Akaitazama ile pua kwa makini, kisha akacheka mpaka akakaa. Ilikuwa pua ya mwanawe, baba wa mtoto, haikuwa na ubishi.

Sababu nilizotajiwa ningezifungulia duka. Mama alimcheka mwenye chongo akiwa mjamzito. Mtoto alilazwa taa ikiwa kisogoni, akawa anaitafuta. Mtoto alipatwa na degedege. Jirani ana husuda. Hirizi ilining'inia kwenye paji la uso. Na wapo waliokataa kabisa kwamba ni ugonjwa: mababa wa pwani hawa, wakiona binti ana jicho linalokwenda kidogo, husema ni macho ya kurembua, yataleta posa. Nimewaambia mara nyingi kwamba kurembua mtu hurembua akitaka, na akimaliza hurudisha macho mahali pake. Walinitazama kama mtu asiyejua mapenzi.

Alikuja pia mfanyabiashara mmoja wa Horohoro, kule mpakani, akimleta mwanawe aliyekuwa akilaza kichwa begani kila akisoma. Kwenye chuo cha Kurani ustadhi alikuwa akimnyoosha shingo, na kila akinyooshwa mtoto anakosea herufi, na akikosea anachapwa. Ustadhi hakuwa mtu mbaya, alidhani anamwondolea mtoto jeuri. Nikamnyoosha kichwa mimi mwenyewe nikamwuliza anaona mistari mingapi. Akasema kila mstari una ndugu yake juu. Macho yake yalikuwa hayalingani juu na chini, na kwa kulaza kichwa alikuwa ameyapatanisha peke yake, bila daktari. Nikamwambia baba, kiacheni kichwa cha mtoto hivyo hivyo mpaka tumpeleke kwa wapasuaji. Alipopasuliwa, shingo ilinyooka yenyewe. Ustadhi aliniletea halua ya Mombasa. Tukaila halua.

Na jingine niliseme haraka, maana silipendi. Kuna makengeza ambayo ni mlango tu wa jambo lililo ndani. Mama mmoja kutoka mashamba ya mkonge alileta mtoto ambaye jicho lilikuwa limeenda nje, naye alikuwa amengoja, kwa kuwa kila mtu alimwambia atakua yataisha. Nilipomulika, ndani ya mboni palikuwa peupe. Ilikuwa saratani. Tulimpeleka mbio kule kunakotibiwa, na tulimpoteza. Kwa hiyo mkimulika, msiridhike na nukta. Tazameni ndani ya mboni kila mara, hata kama foleni inapiga kelele, hata kama ni Ijumaa na adhana imeshatolewa. Yule mama mpaka leo nikikutana naye sokoni hunisalimia kwa heshima, na mimi hupita njia nyingine nikiweza.

Sasa nifike kwa Tausi, ndiye niliyetaka kumwandika tangu mwanzo.

Tausi aliletwa na mama yake, Mwanaisha, kutoka Pangani, katika miaka yangu ya mwisho mwisho. Alikuwa mtoto wa kama miaka minne, mwembamba, mwenye maneno mengi, jicho la kulia limekuja puani. Tulimpima, tukampa miwani, na kwa miwani jicho lilinyooka kiasi kikubwa, ila halikuwa likiona vizuri. Lilikuwa limeanza kulala. Tukampangia kibandiko, kile cha kubandika juu ya jicho, kwenye jicho la kushoto, lile zima. Nilimwonyesha mama yake, nikamwambia abandike yeye mbele yangu, akabandika sawasawa. Tausi alipiga ukelele uliowatoa watu kwenye chumba cha meno. Nikafurahi. Mtoto akizibwa jicho zima lazima alie, maana umemwachia lile lisiloona. Nikampa mama vibandiko vya kumtosha, wakaenda zao.

Waliporudi, jicho la kulia halikuwa limesogea hata safu moja kwenye chati ya E, ile ya herufi zilizogeuzwa huku na huku. Nikamuuliza Mwanaisha kama wanabandika kila siku.

"Kila siku, Sista Zuhura. Wallahi hatujaacha."

"Anasumbua?"

"Hasumbui hata kidogo. Mama ananiambia anacheza tu na kibandiko chake."

Daktari wetu akasema tuongeze saa. Tukaongeza. Waliporudi tena, jicho lilikuwa limeshuka. Hapo ndipo nilipoanza kukosa raha. Kwa kawaida jicho huamka polepole au hugoma. Kushuka kwa mtoto anayezibwa kila siku, mama mwenyewe anaapa na macho yake hayakwepi, sikuwa nimeona jambo hilo. Na kuongeza saa ndiko kulikomshusha zaidi. Tausi alikuwa anaelekea kwenye umri wa kuanza shule, na kila mwezi tuliopoteza ulikuwa haurudi. Nilianza kumwona akiwa mkubwa, jicho moja limebaki pambo, na likitokea la kutokea kwa lile jingine, mwiba tu au jiwe, amekwisha. Nilikuwa nimeona watu wa namna hiyo. Lile neno "anacheza tu" nalo lilinikaa kichwani. Mtoto wa jicho lililolala hachezi na kibandiko.

Tulipokwenda Pangani na huduma ya mkoba, ile ya kuwafuata wagonjwa kwao, nikamwomba dereva aningoje baada ya kazi, nikafuatana na Mwanaisha mpaka kwao. Njiani ndipo aliponieleza kwamba yeye hukaanga vitumbua, hutoka alfajiri, na anayembandika mtoto ni bibi yake baada ya chai, na anayembandua ni bibi kabla yeye hajarudi. Hakuwa amelificha jambo hilo. Hakuna aliyekuwa amemuuliza, na yeye hakuona kama lina maana.

Tukaingia uani. Mama yake Mwanaisha, Bi Mwanakombo, alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha, kanga kaiteremsha kichwani mpaka inafunika shavu lote la kushoto. Tausi alikuwa anakimbiza vifaranga. Anawakimbiza vizuri, hajikwai, anawakamata. Na kibandiko kiko jicho la kulia. Kiko juu ya lile lililolala.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Weye ndiye Sista wa macho? Karibu, kaa mkekani. Umekonda kuliko walivyonambia."

"Bi, kibandiko cha mtoto mbona kiko jicho hilo?"

"Na kiwe wapi?"

"Kiwe kwenye lile zima."

Akaacha kukuna. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mgonjwa. "Mwanangu, mtu akiwa na kidonda mguu huu, huufunga huu au huufunga ule wa pili?"

Mwanaisha akapiga kofi kifuani. "Mama! Si nshakwambia la kushoto? Si nlikuonyesha?"

"Ulinambia. Mie nikaona umekosea kusikia." Akanigeukia mimi. "Huyu mtoto wa kike. Humu uani kwangu watu wanaingia wanatoka. Juzi tulikuwa na hitima, jana wamekuja wa harusi. Nimwache jicho moja linatazama Tanga na jingine linakwenda Bweni ng'ambo ya mto, kisha nilizibe lile zuri? Si ndiyo kumwanika? Penye kasoro ndipo pafunikwapo. Hiyo ndiyo stara, au hospitali hamfunzwi stara?"

Nikaona yote kwa mara moja. Miezi yote ile tulikuwa tumelilaza jicho la mtoto kwa vibandiko vyetu wenyewe, na tulipoongeza saa tuliongeza usingizi. Hakuna aliyekuwa mzembe. Bibi alikuwa akibandika kwa saa zilezile tulizosema, hakosi siku. Nilipata hasira, sikatai, ila sikujua nimkasirikie nani. Nilikuwa nimetoka kumulika watoto tangu asubuhi, jua la Pangani limenipiga utosini, na nikasema neno ambalo mtu hamwambii mama mtu mzima kwake.

"Bi, mficha uchi hazai."

Badala ya kukasirika akacheka. "Mie nimezaa, mwanangu, na wajukuu hao. Na nimejificha tangu sijaota meno ya pili."

Alikuwa amesema zaidi ya alivyotaka. Akamtuma Mwanaisha jikoni akatie maji ya chai. Alipoondoka, nikamwomba aniruhusu nimtazame. Akakataa. Nikamwomba tena. Akaitazama ile tochi yangu, akasema, "Ndiyo hiyo tu?" kisha akaipandisha kanga.

Jicho lake la kushoto lilikuwa limekuja puani, sawa na la mjukuu wake. Nikamulika, nikatazama ndani ya mboni. Pako safi. Nikamziba jicho la kulia kwa kadibodi nikamuuliza anaona nini.

"Ukungu. Weye ni kivuli."

"Umezaliwa hivyo?"

"Hapana," akasema. "Nlikuwa naona nalo. Nlipokuwa kitoto nlikuwa nikifumba hili, nikifumba hili, mnazi wa kwetu unaruka huku unaruka huku, nami nacheka. Kisha mama yangu akaanza kunifunika. Akinivutia kitambaa upande huu kila tukitoka, na tukirudi, na wageni wakija. Alinipenda sana mama yangu. Siku moja nikafumba lile zima niurushe mnazi wangu, mnazi haupo."

Nikamweleza. Nimeeleza habari hii ya picha mbili na ubongo kwa watu wengi, kwa sauti ileile moja ya kuchoka, lakini siku ile niliieleza kwa shida. Alisikiliza mikono ikiwa juu ya nazi. Hakulia. Alipokwisha kuelewa akasema tu, "Kwa hiyo hata mie halikuwa bovu," nami nikamjibu hapana, Bi, halikuwa bovu.

Akamwita Tausi. Akambandua kibandiko, akanipa. Nikafungua kipya, nikakibandika jicho la kushoto, nikamvalisha miwani. Mtoto akanyoosha mikono mbele, akalia kilio kile nilichokisikia kliniki siku ya kwanza. Miwani ikatupwa kwenye machicha ya nazi. Vidole vikaenda kwenye kibandiko. Bi Mwanakombo akaishika mikono yote miwili, akambana kifuani.

"Ndivyo?" akaniuliza juu ya kilio.

"Ndivyo, Bi."

"Na ndiyo kila siku?"

"Kila siku."

"Lo! Nyie watu wa hospitali mna roho."

Nikarudi Tanga sina matumaini makubwa. Ni rahisi kumfanya mtu akubali mbele yako. Siku inayofuata wewe hupo, mtoto analia, majirani wanauliza unamfanyia nini mtoto wa watu, na stara haijaondoka uani. Nilijua pia kwamba tumepoteza muda, na kwamba hata wakibandika sawasawa huenda lisiamke. Niliwaombea, nikaendelea na foleni.

Waliporudi, bibi naye alikuja. Alikaa kwenye benchi na kanga yake shavuni. Jicho la Tausi lilikuwa limepanda safu moja. Daktari akasema huenda mtoto amebahatisha. Waliporudi tena lilikuwa limepanda nyingine, na hakuna mtoto anayebahatisha namna hiyo. Ikawa hivyo, polepole, mara linapanda, mara linagoma, mara mtoto ana mafua hataki kusoma chochote. Karibu na kustaafu kwangu nilimpima mara ya mwisho. Nikamziba jicho la kushoto, nikamwambia anionyeshe kwa vidole E zinatazama wapi. Akashuka nazo, juu, chini, kulia, kushoto, mpaka karibu na mwisho wa chati. Safu ya mwisho hakuifika, sitawadanganya. Huenda hataifika. Lakini ni jicho la kusomea, la kuvukia barabara, la kubaki nalo jingine likipata ajali. Nikaweka jogoo wangu mezani, nikakaa.

Mwanaisha akamtoa mtoto nje akamnunulie maji ya miwa. Bi Mwanakombo hakuondoka. Akasogeza kiti.

"Sista, langu mie haliamki, siyo?"

"Kwa nini waniuliza, Bi?"

"Maana nimelijaribu."

Akanieleza. Siku ile nilipoondoka kwake, mtoto hakunyamaza mpaka alasiri. Siku ya pili akajificha chini ya kitanda alipoona kibandiko. Akauliza kwa nini azibwe yeye peke yake. Bibi akachana kipande cha kanga kuukuu akajifunga jicho lake la kulia, lile zima, akakaa naye mkekani. "Si wanasema ukenda kwa wenye chongo, vunja lako jicho? Mie sikulivunja, nlilifunga tu," akasema, akacheka kidogo. Wakawa wanakaa hivyo kila siku, bibi na mjukuu, uani, kila mmoja na jicho lake la ukungu. Mwanzo waligongana. Walimwaga maji, walimkanyaga kifaranga. Majirani wakaja kuchungulia, akawafukuza kwa sauti tu, maana hakuwaona. Miezi ikapita, mtoto akaanza kumshika mkono akimwongoza. Bibi, hapa kizingiti. Bibi, kinu hicho.

"Siku moja amenilalia mapajani, anatazama mkono wangu. Akanambia, 'Bibi, una kovu.' La mbuzi ya nazi hilo, Sista, dogo hivi, hata mie nlishalisahau. Nikajua la kwake limeamka. Basi nikangoja na langu. Nimelingoja mpaka leo."

Nilishika ile kadibodi nikawa naigeuzageuza mkononi. Katika kazi yangu nimewaambia watu mabaya mengi, na nimejifunza kuyasema upesi, lakini hilo lilikwama. Yule mama alikuwa amekaa gizani kila siku kwa hiari yake, nusu kwa ajili ya mtoto na nusu kwa ajili ya mnazi wake, na ile nusu ya pili mimi ndiye niliyekuwa wa kuizima.

"Haliji, Bi," nikamwambia. "Lilingoja sana. Umri umepita."

Akatikisa kichwa taratibu. Akairekebisha kanga yake, na sikuweza kujua kama anajifunika au anajifunua.

"Haya. Na yeye, tumekwisha?"

"Bado, Bi. Tukiacha sasa litalala tena. Aendelee, saa chache, mpaka daktari aseme."

"Basi nipe vibandiko vyake," akasema, akafungua mkoba wake. "Na vyangu nipe, kitambaa kinateleza. Kuzibwa peke yake hajazoea."